Tulivyougawana Mlima wa Nzahaha

Mibirizi, Rusizi

Papa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani. Kabla ya neno jingine lolote nataka kujua macho yanaendeleaje. Mdogo wangu Neema aliniambia kwenye simu kwamba ule ukungu wa jicho la kushoto umezidi, na kwamba siku hizi mtu akiingia uani unamtambua kwa hatua zake kabla ya kumwona uso. Neema, wewe unayemsomea Papa barua hii, soma polepole, usiruke mahali unapoona pamerefuka, na akisinzia katikati mwache alale, mtaendelea kesho. Goti je, bado linakusumbua upepo wa ziwa ukivuma? Maman anapata mihogo bila kwenda mbali? Mimi ni mzima. Mvua zilipoanza nilishikwa na mafua, yakapita. Nakula vizuri: bugali, sombe ya majani ya mihogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la huku, ambao ukiwaonja utasema ni watoto wa ndagala wetu waliopotea njia. Jumamosi nyingine huwa nashuka hadi daraja la Rusizi ya Kwanza, navuka mpaka na akina mama wenye mabeseni ya nyanya kichwani, naingia Bukavu kununua kitenge na kusikia Kiswahili cha kelele kama cha kwetu. Kisha narudi jioni nikiwa nimetulia moyo.

Papa, kila nikipiga simu unaniuliza swali lilelile: "Mapendo, kule unatumika kazi gani sawasawa?" Nami najibu, "Nafundisha kompyuta, Papa," nawe unauliza kama mvua imenyesha. Najua jibu hilo halikushibishi. Wewe ulitengeneza injini za treni maisha yako yote. Mtu yeyote pale Kalemie aliweza kusimama stesheni, akaona gari-moshi linaondoka, akasema, hili limepita mikononi mwa mzee Kasongo. Kazi yangu haipigi honi. Lakini majuzi tumefanya kazi moja ambayo naamini nitakueleza na wewe utaiona, ndiyo maana nimeacha simu nikachukua kalamu.

Shule yetu iko juu ya kilima, mbali kidogo na misheni. Chumba changu kina kompyuta zaidi ya ishirini, na hazilingani hata kidogo. Tano karibu na dirisha ni mpya, zina nguvu, zinakimbia kama zimeibiwa. Zilizobaki tulipewa na watu mbalimbali walipokuwa wamezichoka, na moja iliyo pembeni kabisa ni nzito na ya zamani mpaka wanafunzi wameibatiza jina Kikongwe. Ukiiwasha inakoroma kwanza, ndipo iamke. Zote nimeziunganisha kwa waya, ili ziweze kuongea.

Mwalimu mwenzangu wa jiografia anaitwa Callixte. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, mama yake akarudi naye huku yeye akiwa kijana, na Kiswahili chake ni cha kulekule. Siku moja baada ya masomo aliingia chumbani kwangu na mwanamke mwenye buti zilizojaa udongo mwekundu.

"Mapendo, acha kazi kidogo," akasema. "Kuko muntu nataka umusikilize."

Mwanamke huyo ni Diane, mpima ardhi. Alikuwa ametoka Nzahaha, upande wa kusini wa wilaya yetu, ambako watu wanalima kwenye miteremko. Mvua za kwanza zilipopita, mlima mmoja wa kule ulipasuka juu ya nyumba za watu. Ufa wenyewe si mpana, mtoto anauruka. Lakini Diane aliuogopa, maana ardhi ya huku, Papa, si kama mchanga wetu wa ufukweni. Inakunywa maji kimya kimya, na siku ikishiba inaondoka na kila kilicho mgongoni mwake.

Alikuwa amerusha droni, ile ndege ndogo isiyopandwa na mtu, ikapita juu ya mlima wote ikipiga picha. Picha zilikuwa maelfu. Alitaka kuziunganisha ziwe ramani moja yenye miinuko na mabonde, kisha ailinganishe na ramani aliyopima kiangazi kilichopita watu walipokuwa wanachimba matuta. Hapo angejua mlima umesogea wapi na unaelekea wapi.

"Ordinatere yangu ni moja," akasema, akigonga kompyuta ndogo aliyoishika. "Itazitafuna hizi picha mpaka mvua ya pili inyeshe na iishe. Na kuzituma mbali kwa mtandao wa huku, heri nizibebe kichwani."

"Na watu wa pale wanasemaje?" nikauliza.

Callixte akajibu badala yake. Yeye na Diane walikuwa wamepanda pamoja siku ya kurusha droni. Mama mmoja mjane, Maman Verediyana, aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia: "Mimi nilizalia batoto wangu mu hii nyumba. Sitatoka juu ya mupasuko munanionyesha na kidole." Na majirani wake wakasimama nyuma yake.

Basi nikakubali. Direkteri, mkuu wa shule yetu, naye alikubali, ila alitupa sharti: Jumatatu asubuhi chumba kiwe huru, maana wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na mtihani humo.

Sasa Papa, nikueleze kazi yenyewe. Kompyuta inachukua picha mbili za mahali pamoja, inatafuta vitu vilivyomo katika zote mbili: jiwe, pembe ya bati, kichaka. Kwa kuwa picha mbili zimepigwa kutoka mahali tofauti, inajua kitu kiko juu au chini, kama vile macho mawili yanavyojua kikombe kiko karibu au mbali. Inafanya hivyo mara nyingi mno. Kompyuta moja ingechoka. Lakini ukiugawa mlima vipande, kila kompyuta ikachukua chake, zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, halafu unavishona vipande pamoja. Tatizo lote liko katika kugawa.

Alhamisi mchana nilijaribu na sehemu ya chini tu ya mlima. Niligawa kwa haki, kama nilivyodhani haki ilivyo: kila kompyuta idadi sawa ya picha. Wanafunzi walishangilia, tukafunga mlango, tukaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi nilikuta zile tano za dirishani zimemaliza zamani, zimekaa zinapepewa. Nyingine nyingi zilikuwa zimemaliza pia. Lakini tatu bado zilihangaika, na Kikongwe ilikuwa haijafika hata nusu. Callixte alipoangalia kipande chake akacheka kwa uchungu. Kikongwe ilikuwa imeangukiwa na migomba na mikaratusi, mahali ambapo jani linafanana na jani jingine, na kompyuta lazima itafute mara elfu ndipo ipate alama moja ya kuaminika. Ile yenye nguvu kuliko zote ilikuwa imepewa shamba tupu lililovunwa. Idadi ilikuwa sawa, uzito haukuwa sawa, na migongo haikuwa sawa. Na sote, pamoja na zile tano, tulikuwa tunamngoja mmoja.

Kabla ya saa sita umeme ukakatika na kurudi hapohapo. Kikongwe ikazimika. Kazi yake yote ya tangu jana ikapotea.

Diane aliketi kwenye benchi. Alikuwa amehesabu kama mimi: ikiwa sehemu ya chini imetuchukua hivyo, sehemu ya juu, yenye ufa wenyewe, isingekwisha kabla ya Jumatatu. Nje, juu ya Congo, mawingu yalikuwa yamepangana.

Callixte alikuwa na hasira. "Hizi za zamani tuzitoe," akasema. "Zinaturudisha nyuma bule. Tubakie na zile tano za muzuri."

"Tano peke yake hazitoshi," nikamwambia. "Nimepiga hesabu. Tunazihitaji zote."

"Hata hii?" Akaipiga Kikongwe kofi mgongoni.

"Hata hiyo. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyeipa mzigo kabla ya kujua mzigo wenyewe ni nini."

Alinitazama, akavuta kiti. "Basi niambie tutafanya namna gani."

Nilimweleza kwa chaki ubaoni. Tusigawe kazi yote mwanzoni. Tuukate mlima vipande vingi vidogo, tuviweke vyote kama kwenye kapu moja, kapu likae kwenye kompyuta moja ya dirishani. Kila kompyuta ije ichukue kipande kimoja tu. Ikimaliza, irudishe, ichukue kingine. Yenye mbio itachukua vingi, yenye pumzi fupi itachukua vichache, na hakuna atakayekaa bure wakati mwenzake anazama. Na kompyuta ikizimika, kipande ilichokuwa nacho kirudi kapuni, mwingine akichukue.

"Njo vile hata akina mama wa kubeba mizigo pa mupaka banafanya," Diane akasema kutoka kwenye benchi. "Anayerudi wa kwanza anabeba inayofuata."

"Ndiyo," nikasema. "Ila mimi sina budi kuiandika namna hiyo ili mashine zielewe."

Niliandika mchana kutwa. Programu ya kwanza haikufaa. Nilikuwa nimekata vipande vidogo mno, na kompyuta zote zikawa zinarudi kapuni kila mara, waya zikajaa maombi, ile yenye kapu ikashindwa kuwajibu wote. Zilipoteza muda mwingi zaidi kupiga foleni kuliko kufanya kazi. Nikavikuza. Vikawa vikubwa mno, na mwisho wa jaribio kompyuta moja ikabaki peke yake na donge zito, wengine wakiitazama, kama asubuhi. Nikatafuta katikati, nikijaribu na kufuta, mpaka Callixte akaenda kutuletea chai na mandazi ili asinione ninavyouma mdomo.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo mwalimu wangu wa chuo kikuu pale Lubumbashi alipenda kulisisitiza: vipande vizito vitoke kwanza. Ukivitoa mwisho, mmoja atakwama navyo. Ukitanguliza vizito, vile vyepesi vinakuja kuziba mianya mwishoni. Lakini nitajuaje kipi ni kizito? Kwa picha ndogo zilizopigwa kutoka juu, kwangu mimi kila kitu kilikuwa kijani.

Katika darasa la mwaka wa mwisho nina msichana anaitwa Solange, nyumbani kwao ni Nzahaha. Nikamwita yeye na wenzake wawili wa upande ule, nikawawekea picha ya mlima mzima.

"Mwalimu, hapa ni mikaratusi," akaanza, kidole kikienda. "Hapa ni migomba ya babu yangu. Hapa mihogo, lakini wameshang'oa. Hapa kwa Maman Verediyana, migomba mpaka nyuma ya nyumba."

Waliupita mlima wote kwa namna hiyo, wakibishana kidogo kuhusu mpaka wa shamba la mtu fulani, na mimi nikaandika: kizito, kizito, chepesi. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, kapu lilikuwa tayari.

Jumamosi asubuhi tuliwasha zote. Wanafunzi walikuja bila kuitwa. Niliwapangia zamu za kuangalia mashine zisichemke na kuzisogezea feni, na hapo pia sikugawa sawa kwa sawa: wenye njia ndefu ya miguu niliwapa asubuhi ili wafike kwao kukiwa bado kweupe, wa jirani wakachukua alasiri. Hakuna aliyelalamika.

Papa, laiti ungesikia chumba kile. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni mwa karakana, unafumba macho, unajua injini ipi haiko sawa. Mimi nilisimama katikati ya chumba na kusikia mashine zaidi ya ishirini zikivuta pumzi pamoja, kila moja kwa sauti yake. Kwenye ukuta niliangazia kwa projekta picha ya mlima ukiwa mweusi wote; kipande kikimalizika kinapata rangi. Rangi zilianza kutokea kwenye misitu, polepole, moja huku, moja kule. Zile tano zilikuwa zinakwenda na kurudi kapuni bila kupumzika. Kikongwe ilichukua kipande chake cha kwanza ikakikalia muda mrefu sana, mpaka Callixte akaanza kutikisa kichwa. Halafu kipande kikapata rangi, na wanafunzi wakapiga makofi kuliko walivyozipigia zile nyingine zote.

Mchana umeme ukacheza tena. Taa zilififia, zikarudi. Kompyuta tatu zikazimika, vioo vyeusi. Diane alisimama ghafla.

"Imekufa?" akauliza. "Tunaanza tena?"

"Hapana," nikasema. "Angalia ukutani."

Vipande vitatu ukutani, vilivyokuwa na alama ya kuwa vinafanyiwa kazi, vilirudi kuwa vyeusi. Kisha kimoja kikapata alama mpya: kompyuta ya dirishani ilikuwa imekichukua. Kikafuata cha pili. Cha tatu kikachukuliwa na moja ya zile za zamani iliyokuwa ndiyo kwanza inarudisha kazi yake. Wanafunzi wakawasha tena zile tatu, nazo zikaamka, zikaenda kapuni, zikaomba kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyeziambia. Niliandika hayo Ijumaa kwa mikono yangu, lakini kuyaona yakitokea mbele ya watu ni jambo jingine.

Callixte alinyoosha mkono akanishika bega, akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo. Baba yake, aliniambia baadaye, alizikwa na mlima akiwa yeye bado mtoto, ng'ambo, upande wa Congo.

Jumapili tulitoka misa tukaenda moja kwa moja shuleni. Ulikuwa umebaki ukingo mmoja, mashamba ya viazi na mihogo, vipande vyepesi. Mashine zilikuwa zinavimalizia haraka, huyu kimoja, yule kimoja, na kapu lilipokwisha zilinyamaza karibu kwa pamoja, feni moja baada ya nyingine, kama watu waliolima shamba moja wakafika mwisho wa mstari bega kwa bega. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Nikakaa chini, Papa, sakafuni, na gauni langu la misa.

Diane aliweka ramani mpya juu ya ile ya kiangazi. Mahali ambapo ardhi haikusogea palibaki peupe. Palipozama palikuwa pekundu. Wote tulidhani wekundu ungeshuka moja kwa moja chini ya ufa, kwenye nyumba za ukingoni. Haukushuka hapo. Ulipinda. Ulizunguka kama mundu, ukaingia kwenye bonde dogo la migomba, upande ambao watu walikuwa wanaujua kuwa ndio salama. Kipande kizima cha mlima kilikuwa kimeteremka karibu urefu wa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na juu yake kulikuwa na nyumba ambazo watu walikuwa wanalala humo bila kujua.

"Maman Verediyana yuko katikati," Solange akasema.

Jumatatu, mtihani ukiendelea chumbani, sisi tulikuwa Nzahaha. Diane alikuwa amechapisha ramani kubwa kama shuka. Mkuu wa kijiji aliita watu, tukaitandaza juu ya meza uani kwa mtu. Diane alieleza kwa Kinyarwanda, Callixte akarudia kwa maneno mepesi zaidi. Watu walitazama kwa adabu, lakini niliona kwamba bado hawajaona. Ndipo Maman Verediyana akasogea mbele. Ni mama mrefu, mkavu, ana leso ya kanisani kichwani. Aliposikia Kiswahili changu akaniambia kwa Kiswahili, maana ujana wake aliuishi Bukavu.

"Mwana wangu, unionyeshe muvoka wangu."

Huo ni mparachichi, Papa. Nikamwonyesha. Aliinama mpaka uso ukakaribia karatasi.

"Kweli, njo wenyewe. Na hii?"

"Zizi lako."

"Na hii nyekundu yote?"

"Hapo ndipo ardhi imeshuka, Maman. Nyumba yako imeshuka pamoja nayo. Hukusikia kwa sababu kila kitu kilishuka pamoja."

Kidole chake kilifuata wekundu kutoka kwenye ufa, kikazunguka, kikarudi mlangoni kwake. Kisha akainuka, akawageukia majirani zake.

"Mulango wangu umekuwa unakataa kufunga tangu mvua ile," akawaambia. "Nilisema ni mbao. Hapana mbao." Akanitazama. "Hii picha nani aliifanya?"

"Tuliifanya wengi," nikasema. "Wanafunzi, na mashine nyingi, kila moja kipande."

"Aksanti. Mimi nitahama."

Akahama, na waliosimama nyuma yake siku ile ya kwanza wakahama nyuma yake. Wengine walikwenda kwa ndugu, wengine tuliwapokea katika madarasa ya shule ya msingi iliyo karibu. Wa ukingoni, waliokuwa wamefunga mizigo kwa hofu, wakaambiwa wakae, na mpaka leo wapo, hawajapoteza hata sufuria.

Mvua kubwa ilikuja kabla ya Jumapili nyingine. Asubuhi tulipata habari kwamba mlima umeondoka. Bonde lile la migomba halipo tena, Papa. Mlima ulishuka palepale, kwa mpindo uleule, mpaka mtoni. Nyumba zilikwenda, zizi likaenda, mparachichi ukaenda. Watu hawakwenda. Hata ng'ombe mmoja hakwenda. Nilipopata habari hiyo nilikuwa nafundisha, nikashindwa kuendelea, nikawaambia wanafunzi wafunge vitabu, nikawaeleza. Solange alilia, kisha wote wakageuka wakaitazama Kikongwe pale pembeni, na kicheko kikaanza, mpaka direkteri akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya mkusanyiko wa wazazi direkteri aliniita mbele. Si kawaida yake. Ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Huyu mwalimu ametoka mbali, kwao ni Kalemie, na baba yake ni fundi." Papa, sikuwahi kumwambia aseme hivyo. Callixte ndiye aliyemwambia. Watu walipiga makofi kwa ajili ya Kalemie. Kwa ajili yako walipiga pia, na mimi nikapokea kwa niaba yako. Na sasa wapima ardhi wa wilaya nyingine wameomba nikawafundishe kugawa kazi kwa mashine walizonazo, hizohizo zilizochoka, bila kungoja mpya. Nitakwenda na Callixte wakati wa likizo fupi, na Solange tutamchukua aoneshe mwenyewe jinsi ya kuchagua vizito na vyepesi. Ameniambia anataka kusoma kazi hii. Nimemwambia atasoma.

Juzi Maman Verediyana alikuja shuleni. Alitembea kutoka kwa dada yake, anakoishi sasa, akiwa amebeba viazi vitamu kwenye kitambaa. Nilidhani anataka kuona mashine, nikamtembeza chumbani, akaziangalia kwa heshima, moja moja, akaniuliza zinakula nini. Halafu akaniambia alichokijia. Alitaka ile ramani.

"Ile ya nyekundu?" nikauliza.

"Hapana, toa nyekundu. Ile yenye iko na nyumba."

Sikuelewa mara moja. Callixte ndiye aliyeelewa. Picha zetu zilipigwa kabla mlima haujaondoka, na zilipounganishwa zikawa picha moja ya mahali pale palivyokuwa: paa lake, zizi, njia ya kwenda kisimani, kivuli cha mparachichi kimelala uani. Hakuna picha nyingine. Hajawahi kupiga picha nyumba yake, na sasa hakuna nyumba ya kupiga. Tukaondoa rangi nyekundu, tukachapisha kipande kile kikubwa kadiri mashine yetu ya kuchapisha ilivyoweza, Callixte akakigundisha juu ya kadibodi. Alikishika kwa mikono miwili. Akatafuta mlango wake, akaupata.

"Batoto wangu batauliza," akasema. "Nitabaonyesha."

Akashuka kilima nacho, amekibeba mbele yake kama sinia lenye kitu kinachoweza kumwagika, na mimi nilisimama pale juu nikimtazama mpaka njia ilipomficha.

Nisalimie Maman, mwambie vitenge vyake viwili nimeshavinunua Bukavu na kimoja ni cha rangi ya machungwa kama alivyotaka. Nisalimie shangazi Faida, muuza samaki, na mume wake mkimya. Nisalimie kaka Dieudonné na mkewe, na yule kichanga wao ambaye sijamwona. Mbebeni kidogo kwa jina langu. Nisalimie mzee mwenzako wa karakana, Papa Lukusa, na umsimulie haya kwa mdomo wako mwenyewe, taratibu, mpaka na yeye aone. Neema, mdogo wangu, ahsante kwa sauti yako. Sasa mpe Papa karatasi aishike mwenyewe.

Mbaki na amani ya Mungu hapo nyumbani. Mimi huku nipo, natumika, na leo niacheni nijivune.

Binti yako,
Mapendo